Skrini ya Kuonyesha Chale

Picha ya mama iliyosimamishwa mbele ya jeneza lake ilinitia kinyaa. Simaanishi kwamba sikuipenda. Namaanisha tumbo lilinigeuka. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, khanga kichwani, nikainua macho na kumwona mtu mweupe kama aliyemwagiwa unga wa ngano, nyuma yake pazia la bluu na maua ya waridi, mashavu laini kama ya mtoto mchanga. Macho yalikuwa ya mama. Mdomo ulikuwa wa mama. Vilivyobaki vilikuwa vya mtu nisiyemjua, na watu walikuwa wakipita mbele yake wanalia.

Mama yangu alikuwa mweusi, tena weusi ule wa kung'aa, na alikuwa na chale. Alizaliwa Newala, enzi ambazo msichana wa kule hakuhesabiwa kuwa amekua mpaka uso wake uchanjwe kwa kisu na kupakwa masizi ili alama zikae. Alikuwa na mistari iliyovunjikavunjika mashavuni, mingine juu ya nyusi, na vidoti chini ya mdomo. Mie nilizijua alama zile kwa vidole kabla sijajua kusema. Nikilazwa mapajani nilikuwa nazifuata moja moja hadi usingizi unichukue, na nilipoanza kwenda kwenye nyumba za watu niliwahurumia watoto wenzangu, maana mama zao nyuso zao zilikuwa kama hazijamaliziwa.

Sasa huyo mtu mweupe pale mbele hakuwa na chale hata moja. Zimefutwa zote! Na kilichonikata maini zaidi ni kwamba picha yenyewe ilikuwa yangu. Niliipiga mie.

Niseme kidogo habari zangu. Mie ni karani. Kutwa nagonga mihuri na kujibu watu wanaodhani nimeziweka foleni mie. Nikirudi nyumbani Temeke, kwenye nyumba ya wazazi ninamoishi mpaka leo, nina starehe mbili tu: kamera yangu ya mtumba na kinanda kidogo cha umeme. Sipigi picha za harusi, siuzi nyimbo. Napiga picha kwa kuwa napenda kutazama, na natunga muziki kwa kuwa nyumba ikinyamaza sana nawaza mabaya. Wengine wana bia, wengine wana umbea, mie nina hayo.

Picha ile niliipiga jioni moja uani. Mama alikuwa anapepeta mchele, jua limeshuka upande wa choo, mwanga unampata ubavuni, kila chale ina kivuli chake. Alikuwa anaimba wimbo wa kwao, taratibu, kwa mwendo wa ungo. Nikapiga picha moja, kisha nikaiweka simu juu ya ndoo nikarekodi wimbo. Baadaye nikaichapisha picha kwenye karatasi nzuri, nikamletea huku nacheka peke yangu kwa furaha. Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Ahsante, mwanangu," akaiweka kwenye sanduku lake la nguo.

Baada ya mazishi nikamfuata kaka yangu mkubwa, maana yeye ndiye aliyekuja na ile fremu msibani.

"Nani alikutuma ukamfanye mama hivi?"

"Hivi vipi? Mie yule kijana wa steshenari aliniita barabarani, akaniambia pole, na picha ya mama iko tayari. Nikaichukua. Nilidhani umeagiza wewe."

"Mie? Mie niagize uchafu ule?"

"Basi sijui," akasema, na akaangalia pembeni. Kaka yangu akiangalia pembeni anadanganya, tangu utotoni, kwa hiyo nikajua ni yeye.

Nikaenda steshenari. Kijana alikuwa anachapa vyeti vya watu, nikamwambia mbele ya wateja wake yote niliyokuwa nayo moyoni, na mengine niliyoyapata palepale. Akasema, "Mama, mie nilifanya nilivyoelekezwa na—" Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia kama kazi yake ni kuwapaka wafu unga basi akafungue mgahawa wa maandazi. Watu wakacheka, mie nikaondoka. Picha ikaja kutundikwa sebuleni na kaka, juu ya meza, na kila nikipita nilikuwa nasonya.

Mwaka ulipokaribia kuisha ikaja habari ya kujengea kaburi. Kwetu ukishafika mwaka unaondoa ule msalaba wa mbao na kifusi, unajenga, unaweka vigae, na siku hizi lazima kigae kimoja kiwe na sura ya marehemu, imechomwa humo humo kwenye kigae. Ndugu watatoka Kusini, kutasaliwa, watu watakula. Kwenye kikao fundi wa makaburi akaomba picha, na kaka akanyoosha kidole ukutani. "Si hiyo ipo."

Nikasema labda nife kwanza, mnizike pembeni yake, na kigae changu mkiweke wazi. Fremu ya sebuleni naweza kuigeuza ikatazama ukuta. Kigae kikishachomwa ndiyo basi, jua na mvua mpaka wajukuu wetu wazeeke, na wote watamsoma mama kwa sura ile. Wazee wakaona nimepandisha hasira, wakasema haya, leta wewe picha unayoitaka, lakini ilete mapema.

Ndipo nikaamua kununua kompyuta. Kompyuta mpakato sikuitaka. Kwenye ya ofisini, ukiinamisha kioo mama anakuwa mweupe, ukikiinua anakuwa mkaa, sasa nani asadikiwe? Nilitaka ya mezani, yenye skrini yake imesimama imara, niweze kuketi mbele yake kama mtu anayefanya kazi, na yenye kimya cha kurekodia kinanda bila kusikia feni inakoroma. Siku nyingi nilikuwa naitamani. Msiba ulinipa sababu. Kuwapa watu wa steshenari picha ya mama sikutaka hata kusikia. Wote wana kidole kimoja na wanabonyeza kitu kilekile.

Nikaweka picha ya mama kwenye flashi, pamoja na wimbo. Sharti langu lilikuwa dogo tu: popote nitakapoingia, kitu cha kwanza kufunguliwa ni mama. Nikiona chale, tutaongea. Nisipoona, kwaheri.

Kaka akasema atanisindikiza kwa kuwa anajua kompyuta. Kujua kwenyewe ni kwamba siku moja aliizima ya bosi wake ikawaka vizuri.

Duka la kwanza lilikuwa hapahapa Temeke, la mitumba. Kompyuta zimepangwa ukutani kama matofali, juu kumefunikwa nailoni, na harufu... Yesu wangu! Harufu ya mkojo wa panya haifichiki, hata uwashe udi. Muuzaji akachomoa moja akaipangusa kwa mkono. "Hii mama ni ya Ulaya, ilikuwa inatumika benki. Haijawahi kuumwa."

Nikamwambia aifungue nione ndani. Hakupenda. Akafungua.

Ndani kulikuwa na vumbi lililoshikana kama blanketi la kijivu, na katika blanketi hilo familia nzima ya mende, wengine wakavu, wengine wakatimka kwenda gizani. Mayai yao yamepangwa vizuri pembeni ya feni. Nikaruka nyuma nikamkanyaga kaka. Muuzaji wala hakutikisika. Akainama, akapuliza kwa mdomo, lile vumbi lote likanijia usoni na puani, na akasema, "Hao mende ni wa hukuhuku, mama. Mashine ni ya Ulaya."

Loh! Nilitema mate barabarani kama mlevi. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshalipa kwa mapafu yangu, nikamwambia afungue picha. Kibodi yake ilikuwa na nywele za mtu na punje za wali zilizokauka. Mama akatokea. Alikuwa wa kijani.

"Inabidi kuizoea," akasema muuzaji.

Kariakoo tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Kaka alikuwa amechangamka mno, ananiongoza bila kuuliza njia, moja kwa moja hadi kwenye duka lenye vioo na kiyoyozi. Pale kompyuta zilikuwa kwenye maboksi ya kioo, na ndani yake taa nyekundu, bluu, zambarau, zinazunguka kama ukumbi wa sendoff. Kijana wa mauzo alikuwa anakula chipsi mayai juu ya kaunta. Hakuacha kula. Alinielezea memori na prosesa huku mdomo umejaa, na kila neno lenye herufi p lilikuja na kipande.

Nikamwuliza kama ina kelele. Akasema haina. Nikasema nataka ya muziki. Akasema, "Muziki ndo penyewe hapa, anti," akawasha singeli kwa sauti iliyotikisa vioo, na kweli kelele ya feni sikuisikia, kwa kuwa sikusikia hata jina langu. Alipozima ndipo boksi lenye taa likasikika linahema kama mgonjwa wa pumu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimejiwekea na taa za kutembelea. Nikamwambia afungue mama.

Skrini ilikuwa kubwa kweli, inang'aa mpaka macho yaliuma. Mama akatokea, na mie nikasogea karibu, nikasogea tena. Chale karibu zote hazipo! Mwanga ulikuwa umezila. Nilikuwa natazama picha yangu mwenyewe, ambayo hakuna aliyeigusa, na skrini peke yake imefanya kazi ya steshenari.

"Umeona inavyosafisha?" akasema yule kijana, na akaweka kidole chenye tomato kwenye shavu la mama yangu. "Halafu hizi alama za Kimakonde zilizobaki hapa, ukinunua leo tunakufutia bure. Ofa."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikachomoa flashi. Kulikuwa na alama nyekundu ya mafuta usoni pa mama mpaka skrini ikawa nyeusi. Nikatoka. Kaka akabaki nyuma, na nilipogeuka mlangoni kumwita nikamsikia kijana anamwuliza kwa sauti ya chini, "Sasa braza, na ile ishu yetu ya cha juu inakuwaje kama maza hanunui?"

Kaka yangu wa tumbo moja. Kwenye kompyuta ya kumtengenezea mama kigae cha kaburi, alikuwa amekwenda kupatana mapema fungu lake. Sikugombana naye. Kuna uchafu ukiupigia kelele unakurukia. Nilimwambia tu kuanzia leo nitajisindikiza mwenyewe, na tukarudi Temeke kila mtu anatazama upande wake.

Lakini kuna jambo lingine lilianza kunisumbua, na hili sikumwambia mtu. Kwenye skrini ya kwanza mama alikuwa wa kijani. Kwenye ya pili mweupe. Ya ofisini kwangu mara mweupe, mara mkaa. Kamera yenyewe, kile kioo chake kidogo cha nyuma, ina mama wake. Nikajiuliza, wewe mwanamke, unazunguka mjini unawasuta watu, weusi wenyewe wa mama unaukumbuka? Nikafumba macho nimwone. Nikaona chale, nikaona khanga, nikaona mikono. Weusi wenyewe ukawa unanikimbia. Niliogopa sana. Mwaka mmoja tu, jamani.

Ndipo nikamfikiria mama mdogo. Yeye ni mdogo wake mama, wamefuatana, na waliokuwa hawawajui walidhani ni pacha. Weusi mmoja, na chale zao zilichanjwa siku moja na mkono mmoja. Anaishi Chanika, analima mihogo na kugombana na mbuzi za jirani. Nikamfuata huko.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Nani kakuudhi?"

Nikamweleza kwamba natafuta kompyuta ya kumwonyesha dada yake vizuri, na kwamba nataka aje akae kando ya skrini niwalinganishe. Habari ya kigae sikumwambia. Nilitaka aione siku ya shughuli, iwe zawadi. Akacheka mpaka akashika mti wa mhogo. "Yaani nikakae dukani kama sanamu la fundi cherehani? Haya. Ngoja nioge."

Duka la tatu lilikuwa Kinondoni, ghorofani, na ngazi zake zilipita mlangoni mwa choo ambacho tangu kijengwe hakijaona maji. Tulipanda tumeziba pua kwa khanga. Muuzaji alikuwa mtu mzima anayechokonoa meno kwa kijiti. Alimwona mwanamke wa umri wa mama yake ameingia anahema, asitoe shikamoo, asiseme karibu, asisogeze kiti. Alichomoa kijiti, akakitazama, akakirudisha. Nilitaka kugeuka. Lakini alikuwa na skrini nyingi zimewashwa, za kutoka ofisi zilizofungwa, na nilipomwambia ninachotaka akasema, "Jihudumieni," na hilo ndilo jambo la maana alilolisema siku hiyo.

Basi tukajihudumia. Nilikuwa nafungua picha, mama mdogo anakaa ubavuni mwa skrini, mie narudi nyuma nawatazama wote wawili. Hapana. Inayofuata. Anainuka, anakaa tena. Mama akawa wa njano, akawa wa kahawia, akawa wa bluu kama aliyekufa maji. Mama mdogo alibaki vilevile.

Pale ndani kulikuwa na mteja mwingine, mwanaume amevaa tai. Nikaona amenyanyua simu. Nikadhani anasoma, kumbe anampiga picha mama mdogo! Usoni kabisa, kwa karibu, huku anatabasamu, kama amekuta twiga mbugani.

"We kaka! Huna adabu? Umemwomba?"

"Aa, si naona zile nembo tu, sista. Siku hizi hazipatikani."

Mama mdogo alikuwa ameshajifunika khanga mpaka puani, upesi, bila kufikiri, mkono ulivyozoea. Nilimtukana yule mtu mpaka akashuka ngazi. Mama mdogo akanivuta mkono. "Wachana naye. Mie nimeshazoea. Dada ndiye aliyekuwa hazoei." Nilisikia maneno yale, ila hasira ilikuwa imeniziba masikio.

Iliyonifaa ilikuwa mwishoni kabisa, skrini ya kijivu isiyong'aa, ina mkwaruzo kwenye fremu, hata haina sura ya kumvutia mtu. Nilifungua picha, mama mdogo akakaa, nikarudi nyuma. Mungu wangu! Walikuwa wamekaa wawili. Weusi mmoja, ule wa kung'aa. Chale moja moja, na kivuli cha kila moja, na hata ile ya shavu la kushoto iliyopona vibaya ikaacha uvimbe. Nililia pale pale mbele ya mchokonoa meno. Mwenye macho haambiwi tazama, naye akaacha kuchokonoa.

Kompyuta yake ilikuwa boksi jeusi la kawaida, halina taa. Nikaifungua kwa mkono wangu nikamulika kwa simu: safi. Memori ya kutosha picha kubwa na nyimbo zangu, diski ya ile aina isiyozunguka. Nikaweka sikio kwenye bati lake, kimya. Nikavaa hedifoni nikafungua wimbo, na nyuma ya sauti ya mama nikasikia kitu ambacho simu haijawahi kunisikilizisha, mchele unateleza kwenye ungo, shaa, shaa. Nikanunua.

Mama mdogo akalala kwetu. Asubuhi, baada ya chai, nilikuwa nimeshaipanga kompyuta mezani sebuleni, chini ya ile fremu ya aibu. Nikamwita aje aketi. Nikafungua mama, nikamkuza mpaka akaijaza skrini yote. Nikamwambia, kwa majivuno ninayoyakumbuka, "Sasa nikwambie siri. Hii ndiyo tunaichoma kwenye kigae. Ile takataka ya ukutani tunaitupa."

Nilingoja afurahi. Mama mdogo akanyoosha kidole akakipitisha kwenye skrini, juu ya mistari ya shavu, kwa mwendo uleule niliokuwa nao mie utotoni. "Tulichanjwa pamoja," akasema. "Mie nililia, nikashikwa na watu. Dada hakulia. Alisema, nikilia na mie, nani atakubembeleza?" Halafu akasema, "Lakini hii haiwezi kwenda kaburini, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Dada hakuitaka."

Nikamwambia sielewi.

"Ile ya ukutani aliitengeneza yeye. Aliniita nije, tukaenda wote pale steshenari, kabla hajazidiwa. Alikuwa ameifunga hii yako kwenye pindo la khanga. Akavuta kiti akakaa na yule kijana, akawa anamwonyesha kwa kidole. Futa hapa. Na hapa. Kijana wa watu alikuwa anaogopa, anamwuliza, bibi una uhakika?"

"Mama? Mama mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Nilihisi kile kichefuchefu cha msibani kinarudi, lakini safari hii hakikuwa na pa kwenda. Kaka hakudanganya. Kijana wa steshenari hakudanganya. Mie nilikuwa nasonya kila siku, mwaka mzima, na niliyekuwa namsonya ni mama. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Angekwambiaje? Umemletea picha unarukaruka kama mtoto. Alisema, huyu mwanangu anazipenda hizi kuliko mie niliyezibeba. Unajua wewe alivyokuwa anatazamwa mji huu? Anaitwa majina kituoni, watoto wanakimbia, hospitali wanaitana waje wamwone. Ulimwona jana yule wa tai. Dada kaonwa hivyo maisha yake yote." Akafuta kidole chake kwenye khanga. "Alisema, kuchanjwa sikuulizwa. Kwenye kaburi niulizwe."

Nikamchukia mama. Nasema kweli, kwa muda pale nilimchukia, kwa kuitwaa picha niliyompa kwa mapenzi na kuipeleka ikafutwe, kwa kuninyima uso wangu. Maana niliuona ni wangu. Nilijifunzia vidole humo. Nikamgeukia mama mdogo kwa ukali asioustahili. "Na wewe? Na zako tufute?"

"Aka! Mie zangu nakwenda nazo. Nisipokuwa nazo huko nani atanijua?" Akacheka, kisha akacheka kidogo zaidi, machozi yanamtoka. "Lakini mie ni mie."

Nikainua macho kwenye ile fremu ya ukutani.

"Na weupe?" nikauliza. "Weupe ule na maua, aliutaka?"

"Hapana. Ule kijana aliongeza mwenyewe. Dada alicheka sana, akasema kanipaka unga huyu, lakini mwache, bora hizi zimetoka."

Nikavuta kiti. Skrini niliyozungukia mji mzima kwa sababu inaonyesha chale kuliko zote ilikuwa mbele yangu, na ilizionyesha vizuri mno, kila moja na kivuli chake. Picha ya asili nikaiacha palepale ilipo, nikafungua nakala. Weusi sikuugusa. Pazia la bluu sikuweka. Nikafungua na wimbo, kwa sauti ndogo, mchele ukaanza kuteleza. Nikachukua brashi na kuanza na paji la uso, kwa kuwa ndiko kulikokuwa rahisi, halafu shavu la kulia, halafu la kushoto, na kwenye ule uvimbe mkono wangu ukakataa nikaupumzisha, nikaendelea. Kutapika sikutapika. Mama mdogo alikuwa amesogeza kiti karibu yangu, kidole kimenyooka, anafuata.

"Imeisha," nikasema.

Akaegemea mbele, akatazama vizuri.

"Bado," akasema. "Hapo chini ya mdomo umeacha kimoja."

Nikakiona. Nikakifuta.